Mnaouliza risiti za mkoloni ziko wapi: ziko kwenye hati za meli

MkaaKivukoni (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Kila mada ya ukoloni ikifunguliwa humu hakosi mtu wa kuuliza, "Mnasema mali ilibebwa, risiti iko wapi?" Anauliza kwa kejeli, lakini swali lenyewe ni zuri. Risiti zipo, tena tele. Hakuna biashara iliyoandikwa kama ya bahari, maana meli ikitia nanga tu kila mtu anadai karatasi yake. Forodha wanataka ushuru, mwenye bima anataka kujua chombo kiko wapi, tajiri wa meli anataka nauli, baharia anataka mshahara, daktari wa bandari anataka kujua nani anaumwa. Wote hao wameacha madaftari.

Utamu uko hapo na mtego uko hapo hapo. Karatasi hizo hazikuandikwa ili mimi na wewe tujue historia. Ziliandikwa ili mtu alipwe, au asilipe. Kwa hiyo kabla hujaiamini tarakimu, uliza nani alikuwa anakula kupitia tarakimu hiyo. Halafu usiishie bandari moja. Meli huacha karatasi ilikotoka na ikaacha nyingine ilikofika, na mara nyingi hazikubaliani. Kwangu mimi, pale zinapopishana ndipo historia inapoanza kusema.

Chukueni pembe za ndovu. Karne ya 19 zinatoka Ujiji na Tabora mabegani mwa wapagazi hadi Bagamoyo, zinapanda jahazi, zinavuka kwenda Unguja. Pale zinapata karatasi mpya na jina jipya: mali ya Zanzibar. Zinakwenda Bombay, London, Hamburg, nyingine zinafika Ivoryton na Deep River kule Connecticut, Marekani, kuchongwa vibao vya piano. Mnunuzi wa kule anajua kanunua pembe ya Zanzibar, kisiwa ambacho hakina tembo hata mmoja! Ukihesabu kwa karatasi za upande wa kupokea peke yake, Unguja inakuwa jitu na bara inakuwa pori tupu.

Kinyume chake pia kipo. Mwaka 1840 Sayyid Said, mtawala wa Muscat na Zanzibar, alituma meli yake Sultana hadi New York, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Na'aman. Orodha ya shehena inajulikana: magunia 1,300 ya tende, mazulia ya Kiajemi, kahawa ya Mocha, pembe 108, makasha 81 ya sandarusi (gundi ya miti), magunia 135 ya karafuu, ngozi kavu 1,000. Kwenye midomo ya watu ni "meli kutoka Zanzibar", basi. Lakini soma mzigo: tende, mazulia na kahawa vilipakiwa Muscat, karafuu ni za visiwani, na pembe hazina kwao pengine ila bara. Karatasi moja imebeba nusu ya Bahari ya Hindi.

Sasa tuje Dar. Kampuni ya meli ya British India ilipata mkataba wa kupeleka barua kati ya Aden na Zanzibar mwaka 1872, meli moja kila mwezi. Wajerumani hawakutaka mizigo yao ipite mikononi mwa Waingereza, wakaanzisha kampuni yao ya meli, Deutsche Ost-Afrika Linie, huko Hamburg mwaka 1890, serikali yao ikiahidi ruzuku ya mark 900,000 kwa mwaka kwa miaka 10. Mwaka uliofuata makao makuu ya koloni yakahama Bagamoyo kuja Dar. Nasema ruzuku hiyo ni ushahidi kuliko manifesti yoyote, yaani orodha ya mizigo ya meli. Njia yenye mzigo wa kutosha haihitaji kulipiwa na serikali. Meli zilitangulia, mzigo ukatafutwa baadaye, na sisi tunajua ulitafutwa vipi: kodi ya kichwa, mashamba, viboko.

Naomba kuwasilisha. Mwenye nyongeza aje na ushahidi.

Kaka_wa_Tandale

Nimevuta kigoda. Uzi kama huu unataka kahawa na kashata.

BabaForodha

Mkuu MkaaKivukoni, umegusa kazi yangu. Mimi ni wakala wa forodha, nimezeekea hapo Kurasini. Nikwambie kitu: hata leo karatasi inasema jambo lake, kontena likifunguliwa mlango linasema lake. Ndiyo maana tuna manifesti ya meli, tuna hati ya shehena ya mwenye mzigo, na bado kuna karani anayesimama anahesabu kinachoshuka. Hizo tatu zikilingana ujue ama watu waaminifu, ama wamepanga.

Swali langu, tani zinazotajwa kwenye meli za zamani ni za uzito? Maana humu kuna jamaa aliwahi kuandika kwamba meli ya tani 2,000 ilibeba tani 2,000 za pembe. Nilicheka peke yangu ofisini.

MkaaKivukoni

BabaForodha, shikamoo. Umeuliza jambo linalowaangusha hata wasomi.

Tani ya kwenye daftari la usajili si uzito kabisa, ni nafasi. Sheria ya Uingereza ya 1854 iliweka kwamba tani moja ya usajili ni futi za ujazo 100, sawa na mita za ujazo 2.83 hivi. Kuna tani ghafi, yaani chombo chote kilivyo, na kuna tani halisi, yaani nafasi ya kuingiza pesa baada ya kutoa injini na vyumba vya mabaharia. Ada za bandari zilifuata tani halisi, kwa hiyo wenye meli walikuwa na kila sababu ya kutaka ionekane ndogo.

Ripoti za bandari zinaposema "mwaka huu zimeingia meli za tani kadhaa" maana yake ni ukubwa wa vyombo vilivyopita mlangoni, viwe vimejaa au vitupu. Meli ya Hamburg iliyoshusha makasha mawili ya bia Dar ikaendelea Durban inahesabiwa yote. Watu wanachora grafu ya "ukuaji wa biashara" kwa tarakimu hizo. Hapana. Hiyo ni grafu ya ratiba za meli.

Upande wa uzito wenyewe nako kuna kazi. Madaftari ya Unguja yanatumia frasila, takriban kilo 16. Na thamani inaandikwa mara kwa reale (dola ya fedha ya Maria Theresa), mara kwa rupia. Rupia ya Wajerumani iligawanywa pesa 64 hadi mwaka 1904 walipohamia heller 100. Usilinganishe miaka miwili kabla hujajua ni pesa gani.

Kiungo_cha_Pemba

Assalaam alaykum wanauzi.

Nimesoma mpaka hapa, naona mnazungumza meli za moshi tu. Majahazi je? Kaskazi ikivuma yanakuja kutoka Ghuba, Sur ya Oman na Kachi ya India, yanaleta tende, chumvi, papa mkavu, mazulia. Kusi ikishika yanarudi na boriti za mikoko za Rufiji, nazi, nafaka. Nahodha mzigo wake alikuwa nao kichwani, na deni lake liko kwa tajiri aliyemkopesha. Hakuna manifesti iliyokwenda Hamburg.

Mtu akikaa maktaba na vitabu vya mkoloni atakwambia meli za moshi zilipokuja jahazi likafa. Halikufa. Lilikuwa halina karani tu. Wazee wetu wameendelea kupakia boriti hadi baada ya uhuru. Kwa hiyo hiyo "biashara iliyoandikwa kuliko zote" ni ya nani? Ni ya waliokuwa na kalamu.

MkaaKivukoni

Waalaykum salaam. Nakubali, na hoja yako ina uzito kuliko unavyoiweka. Ila majahazi nayo yana karatasi, sema ziliandikwa na polisi wake.

Moja. Mkataba wa Brussels wa 1890 dhidi ya biashara ya watumwa uliweka masharti kwa vyombo vya wenyeji: kibali cha bendera, orodha ya mabaharia, orodha ya abiria weusi. Kwa hiyo ukikuta orodha ya abiria wa jahazi ya miaka ile, usidhani ni ustaarabu wa bandari. Ni msako.

Pili, bendera. Majahazi ya Sur yalikuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa, maana manowari za Kiingereza hazikuwa na ruhusa ya kuyapekua. Kesi ilifika mahakama ya usuluhishi ya The Hague na kuamuliwa mwaka 1905. Ukisoma daftari ukaona "chombo cha Kifaransa", mwenyewe anaweza kuwa Mwomani ambaye Ufaransa hajawahi kuiona.

Tatu, na hii naipenda ingawa inachukiza. Jeshi la majini la Uingereza lililipwa zawadi kwa vyombo vya watumwa lilivyokamata, kwa kichwa cha mtumwa aliyeokolewa au kwa tani za chombo. Majahazi mengi yaliteketezwa huko huko baharini. Sasa nani aliyapima tani kabla ya kuyachoma? Wao wenyewe waliokuwa wakisubiri malipo. Vipimo hivyo vipo kwenye kumbukumbu hadi leo, vizuri kabisa, urefu kwa upana kwa kina.

Kiungo_cha_Pemba

Hapo kwenye tatu umenimaliza.

MzalendoPori

Mimi naona mnajisumbua. Hizo ni karatasi za mwizi. Mwizi ataandika alichoiba? Tuache kuabudu makabrasha ya wazungu, tuulize wazee.

BabaForodha

MzalendoPori, mwizi huwa haandiki kwa polisi. Kwa mshirika wake anaandika, tena kwa uangalifu sana, wasije kudhulumiana.

MkaaKivukoni

MzalendoPori, wazee wapo, tunawahitaji, hasa kwa yale Kiungo_cha_Pemba aliyosema. Lakini BabaForodha kajibu vizuri. Mtu anayepakia mali yake hana haja ya kujidanganya mwenyewe.

Angalia mifupa ya Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani, wakiwemo Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba mifupa ya dinosaria kule Lindi. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, zikapanda meli kwenda Ujerumani. Msimamizi mmojawapo, Boheti bin Amrani, anajulikana kwa jina. Kila mfupa ulifungwa ukiwa na alama ya handaki ulikotoka, kwa sababu wanasayansi wenyewe bila alama hizo wasingeweza kuunganisha mnyama. Sasa hivi mjadala wa kumrudisha yule dinosaria jitu aliyesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin ukipamba moto, hakuna anayeweza kusema "hatujui ulitoka wapi". Walijua mpaka shimo. Hizo karatasi za mwizi ndizo zinazomfunga.

Na wakati mwingine karatasi inasema kweli na watu wanaikataa. Desemba 1899, vita vya Makaburu vikiwa vimeanza, Waingereza waliikamata Bundesrath, meli ya ile kampuni ya Hamburg, wakishuku imebeba silaha za Makaburu kupitia Delagoa Bay (Maputo ya leo). Wakaipeleka Durban, wakashusha mzigo, wakapekua. Hawakukuta walichotafuta, wakaiachia Januari 1900, Ujerumani nzima imevimba kwa hasira. Shuku ni haki yako, lakini nayo ithibitishwe.

MzalendoPori

Sawa, hiyo ya Tendaguru nimeielewa. Hiyo nyingine ni ugomvi wao.

Mgosi_wa_Pongwe

Wagosi tumo, msitusahau. Nyie watu wa Dar mnaandika kama bandari ni moja. Katani ilitoka Tanga!

Na kama mnataka mfano wa bandari mbili kutolingana, katani yenyewe ndiyo mfano. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipofika Tanga iliyokuwa hai ni 62. Aliyeandika upande wa kupakia kaandika elfu, aliyepokea kaandika sitini na mbili, na wote wakweli. Kutokana na hiyo 62, mwaka 1913 koloni likasafirisha takriban tani 20,800 za singa. Hizi ni tani za uzito, BabaForodha usianze.

BabaForodha

Hahaha. Sijasema kitu mgosi.

Mwana_wa_Ujiji

Kuna mzigo mmoja ulioshuka Dar ambao nyie mmeusahau, sisi bado tunauona kwa macho. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar, ikapanda treni hadi Kigoma. Iliingia Ziwa Tanganyika Februari 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 wakiwa wanakimbia, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Meli iliyosafiri kama shehena ya meli nyingine. Kwenye takwimu za forodha hiyo inaitwaje, chombo kilichoingia bandarini au vyuma?

MkaaKivukoni

Mwana wa Ujiji, ni mzigo ulioagizwa tu, na ndiyo maana takwimu za uagizaji za miaka ile lazima zisomwe na ramani ya reli pembeni. Mwaka 1913 koloni liliingiza bidhaa za takriban mark milioni 53, likauza nje za milioni 35 hivi. Wapo wanaoitumia tofauti hiyo kusema "mnaona, mkoloni alileta kuliko alivyochukua". Humo ndani mna vyuma vya reli ya kati, iliyoanza Dar 1905 ikafika Kigoma 1914. Reli inaingia mara moja kama mzigo, halafu inatoa mizigo miaka mia. Forodha inaandika ile siku ya kwanza tu.

Na kwa kuwa umetaja Kigoma: kwa mkataba wa 1921 Ubelgiji ilipewa maeneo yake bandarini, Dar na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Wazee wa mjini wanapaita Belbase. Mizigo ya Kongo ilipita hapo kwenda na kurudi bila kuhesabiwa kuwa ya Tanganyika. Kwa hiyo mtu akijumlisha kila kilichoonekana gatini anatupa utajiri wa Katanga ya Kongo, na akisoma takwimu za biashara ya Tanganyika peke yake anapata bandari ndogo kuliko ile kuli aliyoibeba mgongoni.

BintiKurasini

Nimesubiri nione nani atamtaja kuli. Umemtaja kwenye sentensi ya mwisho, asante kaka yangu.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye matishali. Kabla ya 1956, gati za kina kirefu zilipofunguliwa, meli kubwa ziliegesha katikati ya maji, mzigo ukashushwa kwenye tishali, tishali likavutwa hadi ufukoni, ukapakuliwa tena. Kila gunia limeinuliwa mara mbili. Manifesti inaandika gunia mara moja. Jina la nahodha lipo, la wakala lipo, la mwenye mzigo lipo. La aliyeinua halipo.

Lakini anaonekana akigoma. Mwaka 1939 makuli wa Dar waligoma, 1943 tena, na 1947 mgomo ulianzia bandarini ukasambaa nchi. Siku hizo ndizo makarani wa mkoloni wanaandika: wangapi hawakuja, walikuwa wanalipwa nini kwa siku, meli ipi imekaa bila kupakuliwa. Ukitaka kumjua babu yangu kwenye karatasi, tafuta siku aliyokataa kufanya kazi.

Kaka_wa_Tandale

Dada umefunga mtambo. Hii ya siku aliyokataa nimeiandika pembeni.

MkaaKivukoni

Binti Kurasini, hapo sina la kuongeza ila moja la upande wa mabaharia. Sheria ya Uingereza ililazimisha kila meli kuwa na mkataba wa mabaharia: jina, umri, mahali pa kuzaliwa, meli ya mwisho, mshahara. Hazina hiyo imetawanyika ajabu. Sehemu kubwa ya mikataba ya 1863 hadi 1938, kama asilimia 70, iko Newfoundland, Kanada, chuo cha Memorial. Asilimia 10 iko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew. Na miaka inayoishia na 5 iko makumbusho ya bahari ya Greenwich, London. Orodha za 1915 zimewekwa mtandaoni bure, majina zaidi ya 750,000. Humo utakuta aliyezaliwa Zanzibar akichochea makaa kwenye meli ya Liverpool. Lakini mabaharia wa Kihindi walioajiriwa kwa mikataba ya Asia, waliokuwa wengi kwenye meli zilizokuja kwetu, mara nyingi hawamo. Yaani hata kwenye orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya majina, kuna daraja la watu wa kuachwa.

Mjukuu_wa_Kariakoo

Samahani wakuu, mimi si mtaalamu. Bibi yetu alikuja kutoka Bombay miaka ya 50 mwanzoni kwa meli anayoiita Karanja. Tunayo picha yake akiwa sitahani, tarehe hakuna. Inawezekana kupata orodha ya abiria? Niliwahi kulipia tovuti moja ya nje ya ukoo, sikupata kitu.

MkaaKivukoni

Inawezekana, ila ulitafuta pasipo. Tovuti nyingi za ukoo zinatumia orodha za abiria za Kew, mafungu ya BT 26 na BT 27: walioingia Uingereza 1878 hadi 1960, na waliotoka 1890 hadi 1960. Bibi hakukanyaga Uingereza, kwa hiyo hayumo, hata kama meli ilikuwa ya Kiingereza. Karanja na mwenzake Kampala zilikuwa meli za British India, zilianza mwishoni mwa miaka ya 40, zikitoka Bombay kupitia Mombasa, Zanzibar na Dar kwenda hadi Durban.

Anza na uhamiaji. Aliingia kwa kibali, na kibali kina namba ya faili. Uliza Nyaraka za Taifa pale Upanga. Wengi wanawajua kwa mafaili ya Wajerumani, yaliyoingizwa kwenye orodha ya kumbukumbu ya dunia ya UNESCO mwaka 1997, lakini ya Waingereza yapo pia. Kama alishukia Unguja kwanza, ni nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Halafu chukua magazeti ya miaka hiyo usome safu ya meli zinazotarajiwa, uandike kila tarehe Karanja ilipoingia Dar. Bibi anakumbuka alikuja msimu gani?

Mjukuu_wa_Kariakoo

Anasema bahari ilichafuka sana, walitapika hadi Ushelisheli. Na walipofika ilikuwa karibu na Mwezi wa Ramadhani.

BabaForodha

Mwanangu, hapo umeshapunguza kazi. Bahari ya kuchafuka kutoka Bombay ni kusi, hasa Juni hadi Agosti. Ramadhani 1950 ilianza katikati ya Juni, 1951 mwanzoni mwa Juni, 1952 mwishoni mwa Mei. Tafuta Karanja iliyoingia Mei na Juni kwa miaka hiyo mitatu. Na geuza ile picha, uangalie nyuma kama kuna mhuri wa studio.

Mjukuu_wa_Kariakoo

Asante babu. Picha iko kwa shangazi Ilala, nikiipata naiweka hapa.